Minazi Uliyomruhusu Shemeji

Kaka Seifu,

Hali sikuulizi. Juzi watu wa boti wamekuona Kibiti, umekaa nje ya tuisheni yako unacheka na wanafunzi, kwa hiyo mzima. Simu yangu tu ndiyo huioni. Basi nimeandika, na barua nimeiacha wazi. Asome mama, wasome majirani hapa Salale, asome na shemeji Abdala akitaka. Mimi kusema siwezi, unanijua, mbele ya watu watatu ulimi unakauka. Lakini macho ninayo.

Unakumbuka mwaka ule umemaliza fomu foo, tunaamia ndege wasile mpunga wa mama? Wewe juu ya dungu, kwenye kile kibanda chetu cha nguzo ndefu, na kitabu, mimi chini na kombeo. Kile kitabu cha Kiingereza ulichokiokoa kwa muuza karanga, kimeshachanwa nusu, kimeshafungiwa watu karanga. Mimi niliishia darasa la nne, Kiingereza hata salamu inanishinda, ukawa unasoma na kunigeuzia. Ndiyo nikawajua wale Waanglo-Saksoni wako.

Ulinambia Waingereza wenyewe kumbe zamani hawakuwa Uingereza. Walikuwa ng'ambo ya bahari, Ujerumani ya kaskazini na Denmaki huko, makabila makabila: Waangli, Wasaksoni, Wajuti. Wengine nchi yao ya chini, tope tupu, maji yanajaa na kupwa kama kwetu. Nikakuuliza, "Sasa wanalala wapi?" Ukasema wanarundika udongo na samadi mpaka inakuwa kilima, nyumba inakaa juu. Nikasema, "Basi hao Wandengereko wa huku kwetu hao!" Ulicheka nusura uanguke kwenye dungu. Kwelea wakashuka wakala mpunga wa mama, wala hatukuwaona. Sijawahi kucheka vile tena na mtu.

Halafu ukafika kwa yule mfalme. Warumi wameondoka, Uingereza haina askari, watu wa kaskazini wanaingia kupora wanavyotaka. Mfalme wa wenyeji akawaita Wasaksoni waje wamlindie nchi. Wakaja na vyombo vitatu tu vya baharini. Akawapa kipande wakae. Vita wakapiga vizuri, halafu wakatuma habari kwao: njooni, huku ardhi nzuri na wenyewe wamelegea. Wakaja ndugu, wakaja na ndugu wa ndugu. Mfalme naye akampenda binti wa mkubwa wao, akamwoa, akatoa jimbo zima kumpa mkwe. Mwenye jimbo hata hajaulizwa.

"Mfalme bwege huyo," ulisema. "Mlinzi mpe chakula. Nchi humpi!"

Maneno yako hayo. Mimi niliyashika, wewe umeyatupa.

Maji makubwa yalipowatoa watu kule Mkongo, nani alimleta Abdala? Wewe. "Mama, huyu jamaa haogopi kiboko." Na kweli haogopi. Akishika debe lake akalipiga, kiboko anarudi mtoni, nguruwe hatii mguu. Mama akampa pa kulima, akamwambia mbele yetu sote, "Lima baba, ule na wanao. Mti tu usipande." Hapa kwetu nani hajui maana yake? Mpunga unavunwa, ardhi inarudi kwa mwenyewe. Mnazi unakaa, na penye mnazi wa mtu ndipo pake, pa wanawe, pa wajukuu. Mgeni huku analima miaka na miaka bila kuchomeka hata mpapai.

Wakaja ndugu zake wawili. Sawa, watu lazima wale. Akaja dada yake, ukamwoa. Sawa, na sanduku lake nilibeba mimi. Halafu asubuhi ile nakukuta na shemeji pale juu, kwenye mwinuko usiofikiwa na maji, penye dungu letu. Miche saba imelala chini. Nikakutazama. Ukasema, "Shika huo usimame wima, mdogo wangu. Shemeji hanyimwi bwana." Nikashika. Mungu anisamehe, nilishika, ukafukia wewe kwa mguu wako. Mama alikuwa Mbwara anamuuguza mama mdogo. Hukumuuliza. Aliporudi akaiona, akakuuliza, ukamwambia ya muda tu. Mnazi wa muda! Wapi ulishauona?

Minazi ilipofika kiunoni Abdala akaweka uzio. Mwaka huu akamwambia mama dungu lake akalijenge kule bondeni, kwenye maji. Nikakupigia, siku hiyo ulipokea. Unajua ulinijibu nini? Eti umesoma zaidi kwenye simu. Eti habari ya mfalme na vyombo vitatu wasomi wengi hawaiamini sana. Eti Wasaksoni walikuja kidogo kidogo, miaka mingi, na wake zao na ng'ombe wao, wengine maji yalishawalia mashamba. Wakalima, wakaoana na wenyeji, mwisho hata hajulikani mgeni nani. "Na sisi je?" ukasema. "Babu si alishuka kutoka Umatumbi? Kwani alizaliwa hapa?"

Nilikata simu. Usidhani ulishinda, ni hasira tu. Hayo ya Wasaksoni inawezekana ni kweli, mimi sijasoma. Ila babu alilima hapa mpunga mtupu mpaka mvi zikamwota, hana mnazi hata mmoja. Siku alipotaka kupanda alichinja mbuzi, akawaita wenyeji wakakaa, akaomba. Wakamjibu ndiyo mbele ya watu. Mama anaikumbuka siku hiyo, ndiye aliyewanawisha mikono. Babu aliomba, Seifu! Abdala hakuomba, na wewe ukatoa kitu ambacho si chako. Hilo halitaki kusomwa kwenye simu.

Jumatatu tulikaa barazani. Mwenyekiti akauliza, "Abdala, mti nani alikuruhusu?"

"Mtoto wa mwenye shamba, Seifu. Na mdogo wake alishika mche, huyo hapo."

Watu wote wakageuka. Nikasimama. Nikasema, "Mimi..." Basi, nikakaa. Bi Mwajuma, si unamjua yule mtani wetu, akapiga makofi: "Mwacheni jamani, huyo akimaliza kusema mafuriko yatakuwa yamerudi!" Baraza zima likacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama njia ya kutokea botini, anakungoja wewe.

Wamekupa mpaka Alhamisi. Uje useme jambo moja, kwamba mama hakuulizwa. Ukisema hivyo minazi inatoka. Usipokuja, mwinuko unakuwa wa Abdala, na shamba lisilokuwa na pa kukimbilia maji yakija ni shamba gani? Mama atalinda mpunga huku anaogelea? Abdala simlaumu sana. Alikosa pa kukaa, akaona mlango umefunguliwa, akaingia. Hasira yangu ni kwako wewe uliyekuwa unajua, ukamwita yule mfalme bwege mbele yangu, halafu ukafungua. Watoto wa watu unawafundisha historia. Mama yako unaogopa kumtazama machoni, kisa mkeo atanuna.

Kibiti si Ulaya, kaka. Boti zipo.

Usipokuja nitasimama mimi. Siku hizi nakwenda kwenye mikoko peke yangu kufanya mazoezi, nawahutubia kaa. Wananisikiliza kuliko wewe. Nitasema nilikuwepo, nilishika mche, na kaka yangu alijua mama hajaulizwa. Watacheka. Nitawaacha wamalize, nitaendelea. Wakiona mimi pia nina kosa, waseme, nitalibeba. Na tukirudi nyumbani mama akiniuliza, "Mwanangu Seifu amekwama wapi?" safari hii sitakutungia sababu.

Nakuombea afya, na aibu kidogo.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.