Siku Niliyong'oa Mtama wa Haboba

Jumamosi jioni, Lemon Gaba, Juba. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno.

Jua hili nimeliombea wiki nzima. Huku kwetu mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza, na mtu wa boda kama mimi anabaki na matope badala ya abiria. Kwa hiyo nilipoamka nikaona mbingu nyeupe, nikasema Mungu ananijua kwa jina.

Leo sikubeba abiria. Nilimbeba Keji.

Keji ni fundi cherehani mtaa wa Juba Na Bari, na ni wangu tangu Krismasi. Alilelewa na nyanya yake kambini Uganda. Sasa huyo nyanya, Haboba tunavyomwita huku, amerudi kwenye shamba lao upande wa Rajaf. Keji aliniambia wazi kwamba Haboba akinikataa, mjomba wangu asisumbuke kuja kuposa. Yaani leo ulikuwa mtihani, na mimi na mitihani tuliachana kidato cha pili.

Lakini sura ninayo. Pikipiki niliiosha mara mbili, nikafunga utepe mwekundu kwenye vioo. Tukavuka daraja, Gumbo ikabaki nyuma, lami ikaisha, nikapunguza mwendo. Mimi! Ninayeogopwa stejini kwa spidi! Keji ameniegemea, kakumbatia sukari na sabuni za Haboba, na pande zote ni mihogo, karanga, mama mmoja na kuni zake kichwani anatupungia mkono. Ng'ombe walipovuka barabara nilizima injini kabisa, tukawangoja mpaka ndama wa mwisho. Tukanunua maembe, tukala tumekaa juu ya pikipiki, maji yakitiririka hadi kwenye viwiko. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Hapo ndipo nilipomsimulia tena habari za Kitale nilikokulia. Jinsi nilivyolima eka kumi peke yangu.

"Wewe iko na mdomo mingi," Keji akasema. "Leo hiyo mdomo itakutana na Haboba."

Ukweli nakuambia wewe, shajara, kwa sababu huna pa kuupeleka: Kitale nilikuwa mpiga debe wa stendi. Mashamba niliyaona nikipita.

Haboba ni mdogo kama mtoto wa darasa la nne, na kiganja chake ni kigumu kama tairi. Aliniangalia viatu, akacheka. Kisha akanipa maloda, jembe la huku: unapiga magoti, unalisukuma mbele, linakata majani chini kwa chini. Nipalilie mtama, akasema kwa Kiarabu, wao wakapike asida, ugali wa huku.

Ningeuliza mtama ni upi.

Sikuuliza. Mtu wa eka kumi anaulizaje? Kitale watu hulima mahindi. Mtama mchanga na nyasi, kwa macho yangu, ni mapacha. Nikaona mimea mingine myembamba, imejipanga kwa aibu. Mingine imenenepa, kijani kimekolea, imejaa kila mahali. Nikasema hii iliyoshiba ndiyo chakula. Nikasukuma maloda kama bingwa, mistari minne, magoti yanawaka, naimba.

Waliporudi, Keji aliweka mkono mdomoni.

"Ya weled, we kijana," Haboba akasema polepole, "umepalilia chakula, ukayabakisha majani."

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Hauniishii. Ningesema mtama wa Kenya una sura nyingine. Nikamtazama Keji. Hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja nianze.

Nikasema, "Haboba, mimi sijui kulima. Eka kumi nilidanganya. Nilikuwa mpiga debe."

 

Haboba akauliza mpiga debe ni nini. Nikasimama katikati ya mtama wake uliokufa, nikapiga kelele, "Kitale! Kitale! Mmoja tu, twende!" Haboba akacheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa ncha ya nguo yake.

Lakini hakunisamehe. Alileta mbegu kwenye kibuyu, akanirudisha magotini. Mistari minne yote, shimo kwa shimo, kwa vidole, Keji nyuma yangu akifukia. Tulipomaliza Haboba akasema, "Huu ukiota, mlete mjomba wako. Usipoota, usije."

Tukala asida, na kipande cha samaki kilichokuwa kikubwa alinisogezea mimi.

Kurudi tulikwenda polepole kuliko kwenda. Keji alinishika kiuno hadi darajani.

"Leo umesema kweli moja," akaniambia sikioni. "Moja tu. Ongeza."

Sasa nimekaa mlangoni, magoti yamevimba. Vijana wa stejini wamepiga simu, nimewaambia nina shamba Rajaf. Si uongo! Mistari minne.

Ila ule udongo ulikuwa mkavu, ulipita kati ya vidole vyangu kama unga. Haboba alisema wiki ikiisha bila mvua, mbegu ni za ndege. Na upande wa Rajaf, nikitazama vizuri, kuna wingu moja dogo, jeusi. Likifika huku, kesho barabara yetu ni uji, na mimi sitapata abiria hata mmoja.

Wacha inyeshe.