Majaribio Yote Yamepita, Mikono Imepungua

Mpendwa mshauri,

Jumanne ya wiki jana, saa nne asubuhi, nilipoteza mikono sabini na miwili, naomba usicheke kwanza, ni mikono ya makoti meupe thelathini na sita ya wauguzi wanaohitimu, kila mmoja umepungua sentimita tatu, jumla sentimita mia mbili na kumi na sita, na muuguzi wa kwanza alipovaa akanyoosha mkono, akaniuliza kwa upole, "Mama, hili langu au la mdogo wangu?"

Mimi ni fundi cherehani, sikusomeshwa na mtu, nilianza na cherehani moja ya kuazima sasa ninazo tatu, na kompyuta nimejifunza mwenyewe juu ya meza ya kukatia, hadi nikaandika programu inayopokea vipimo vya mwili na kukupa mistari ya kukata kitambaa, nikaifanya huria, yeyote aisome, airekebishe, airudishe, na leo mafundi mia nne na kumi na wawili wanaitumia bure. Mwaka jana nikatangaza kwamba toleo jipya halitoki mpaka asilimia tisini ya programu iwe inapitiwa na majaribio ya kiotomatiki, yaani vijiprogramu vinavyoiuliza maswali na kulinganisha jibu lake na jibu sahihi tulilokwisha kuandika. Tulikuwa asilimia thelathini na nane, na aliyejitolea kuyaandika ni wifi yangu.

Mshauri, wifi huyu alifiwa na mumewe, na kwa miaka miwili alikuwa akikaa dirishani kwangu akiangalia nyuzi zikielea kwenye jua, ukimsalimia anaitikia kwa kichwa tu, basi majaribio haya ndiyo yaliyomrudishia sauti, akawa ananiita kutoka kwenye kompyuta, "Wifi, asilimia sitini na moja hiyo, lete chai," na mimi huku napiga pasi naidhinisha, naidhinisha, mpaka yakafika majaribio mia sita na arobaini, asilimia tisini na moja, yote kijani, yaani yamepita, nikalaza kitambaa nikakata makoti yote siku moja kwa kuifuata programu.

Sasa nimegundua. Ile sehemu ya mikono, niliyoiandika upya mwezi huo huo, inatoa sentimita moja na nusu ya mshono badala ya kuiongeza, mkono wa sitini unapewa hamsini na nane na nusu badala ya sitini na moja na nusu, na wifi alichofanya ni kuiuliza programu jibu, kisha kulinakili jibu hilo hilo kama ndilo sahihi, sawa na kumuuliza mtuhumiwa kama ameiba halafu ukamwandika yeye kuwa shahidi. Nimehesabu, majaribio mia tatu na kumi na mawili yako hivyo. Yeye hajui, anashona vipande vya kuongezea mikono huku akinifariji, "Kitambaa kimenywea, wifi, kimekuogopa."

Mchana mvuke wa pasi ukipanda mimi husinzia nimesimama, naiona ile mikono ikinyanyuka kapuni mmoja mmoja, myeupe, ikitoka dirishani polepole kama inakwenda kuwatafuta wenyewe, na wifi amekaa pale anaihesabu, sawa, sawa, sawa, mimi nataka kusema si sawa, mdomo umejaa pini.

Nikiyafuta majaribio yake hayo tunashuka hadi asilimia arobaini na sita, wachangiaji wote kumi na saba wa programu wataona jina lake kando ya mistari myekundu ya vilivyofutwa, na naogopa atarudi kwenye ule ukimya. Nikiyaacha, toleo linatoka Ijumaa na mafundi wale wote watakata mikono mifupi. Sitaki methali, mshauri. Nifute au nisifute? Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Fundi wa Cherehani Tatu

*

Fundi,

Usifute. Jibu lako hilo, na siku bado unazo. Sasa kaa tuongee.

Pole kwa makoti, na pole zaidi kwa hizo ndoto za kusimama. Lakini kwenye hesabu zako kuna pengo. Umehesabu mikono, sentimita, wachangiaji, mafundi. Idhini zako hujazihesabu. Majaribio mia sita na arobaini yalipita mlango wa nani? Ile alama ya kutoa aliiandika nani? Wifi yako alinakili kosa, mama, ila kosa ni lako. Ulimwomba asilimia, akakuletea asilimia. Hukumwambia jibu sahihi linatoka wapi, na fundi ni wewe, yeye si fundi. Na siku ya kukata, tepu ilikuwa wapi?

Ahirisha toleo leo hii. Mafundi wako wamekata kwa toleo la zamani miaka yote, wiki mbili hazitawadhuru. Kisha chukua nguo zilizowakaa watu vizuri, uketi na wifi: yeye apime kwa tepu, wewe uandike, na namba ya tepu ndiyo iwe jibu sahihi kabla programu haijafunguliwa. Mikono kwanza, mabega baadaye. Kila jaribio mkilimaliza, iharibu programu makusudi, geuza kuongeza kuwe kutoa, uone kama litalalamika. Likibaki kijani, limelala, liandikeni upya. Asilimia ikishuka iache ishuke, na lile tangazo la tisini libandue.

Wachangiaji waandikie kwa jina lako: kosa niliandika mimi, majaribio niliyapitisha mimi bila kuyasoma.

Unasema unaogopa atanyamaza. Akiujua ukweli kutoka kwa mchangiaji asiyemfahamu, baada ya wewe kumwacha ashone vipande sabini na viwili bila kujua, hapo ndipo atanyamaza kweli. Mwambie mchana, cherehani zimetulia, na uanze na sehemu yako.

Wewe umenipa Ijumaa. Mimi nakupa Jumatano saa tatu asubuhi, na hesabu sitaki tena: umemwambia, au hujamwambia?