Nguzo Isiyooga

Misisi, Jumapili asubuhi, mwezi wa tisa

Papa Asukulu,

Ni miezi mitano tangu tulipokuzika kwenu Lweba, kando ya ziwa, na ni mwaka wa saba tangu nilipoacha kwetu Makobola nikaja kuchimba dhahabu huku Misisi. Mgongo wangu umechoka. Lakini leo sikuandikii habari za mgongo. Nimeiona, Papa. Ile uliyoificha, nimeiona kwa macho yangu.

Tangu uondoke, kazi yako ya kulinda shimo lisituangukie imebaki kwangu: kukata miti ya kutegemeza dari, kugonga mwamba na kusikiliza, na kupaka matope ile nguzo ya jiwe uliyoiacha katikati, pale tunapoteremka kwenda chini zaidi. Miti na kugonga nilifanya vizuri. Matope, nisamehe, niliyaacha. Uliponifundisha kuchanganya udongo mwekundu na majivu, na kupaka kuanzia miguuni, nilidhani ni mambo ya wazee tu. "Nguzo haiogake," ulisema, basi. Wenzetu waliiita nguzo hiyo mke wako, wakakutania kila asubuhi: "Muzee, bibi yako amekwisha kupakala mafuta?" Nawe ukawajibu: "Wa kwako anapakaliwa na nani?" Shimo zima likacheka.

Jumatatu niliona matope yamekauka na kubanduka. Nikaogopa kwamba kuna ufa. Nikitaka kuuona vizuri, nikachukua bidoni la maji ya kunywa, nikaimwagia nguzo yote, nikaisugua kwa gunia.

Sijui niandike namna gani. Ndani ya jiwe jeupe ulishuka mshipa wa njano, mnene kama kidole changu, kutoka juu ya kichwa changu mpaka usawa wa vifundo vya miguu yangu. Nikakumbuka somo lako: "Ile inakukonyeza haiko dhahabu." Nikapeleka mwanga wa toshi kushoto, nikaupeleka kulia. Haikukonyeza, haikumetameta na kuzima. Ilikaa vilevile, imetulia, kama mtu ambaye amekuwa akinitazama miaka yote. Mimi niliyezoea kuosha mchanga kutwa nzima kwa punje ya kuokotwa kwa ukucha, safari hii dhahabu ilisimama mbele yangu, ndefu kuliko mimi. Nilivua kofia.

Halafu nikakufikiria wewe. Wewe wa viatu vya mpira wa gari. Wewe ambaye nyumba yako Lweba tuliikuta ya nyasi tulipouleta mwili. Ulijua. Kila asubuhi uliweka kiganja chako juu yake, ukaifunika, ukashuka kula maharagwe pamoja nasi. Dhahabu ilinishangaza, Papa, lakini wewe ulinishangaza zaidi.

Sitakudanganya. Niliinua nyundo. Niliona mabati juu ya nyumba ya mama yangu. Niliona binti yangu na viatu vya shule. Mapigo matatu tu, nilijiambia, nani atajua? Chini yangu walikuwa watu wanane. Nilimsikia Alimasi, unamjua kwa kelele zake, akisema mchuzi wa jana ulipikwa na mtu aliyekimbiwa na mke. Wote wakacheka. Kiganja changu kingine kilikuwa juu ya nguzo, na kicheko chao nilikisikia humo, ndani ya jiwe.

Nikaigonga, lakini polepole, kwa mpini, kama ulivyonifundisha. Ikajibu kwa sauti moja, kama chungu kisicho na ufa. Nzima.

Ulituambia kwamba hakuna anayefua shoka la dhahabu wala sufuria. Inaenda kuwa pete, inaenda kwenye meno ya matajiri, na kidogo sana ndani ya simu. Hii ya kwako inabeba watu.

Nikapanda kuleta udongo na majivu, nikarudi, nikaanza miguuni. Alimasi alipotoka chini alinikuta mikono imejaa matope, akapiga kelele: "We Sadiki! Umemurithi bibi ya Muzee?"

"Eh," nikamwambia, "nimemurithi."

Akacheka mpaka akakaa chini, akauegemeza mgongo wake palepale kwenye nguzo.

Nilikukasirikia kidogo. Kwa nini hukuniambia? Hata pale hospitalini Baraka, uliponishika mkono, uliuliza tu, "Majivu iko?" Nilidhani ni homa inayosema. Nikakujibu yapo, ili ulale. Sasa najua ulikuwa unaniachia nini. Najua pia kwamba ungeniambia mapema, nyundo ile ingeshuka.

Nakuahidi: mikononi mwangu haitaoga tena. Na siku nguvu zikiniisha, nitamfundisha mwingine kupaka, kama ulivyonifundisha mimi, na sababu nitainyamazia. Barua hii hakuna atakayeisoma. Nitaifukia kaburini kwako. Nasikia mvua imelimega kaburi hilo upande mmoja. Nitakuja na udongo mwekundu na majivu, nami nitalipaka kwa mikono yangu, kuanzia miguuni.

Lala vizuri, Papa. Huku wote wanane wako hai, na kelele zao ni zilezile. Mvua kubwa zikijaza shimo, kazi itasimama, nami nitateremka ziwani. Noeli itanikuta Lweba.