Mgawa Maji Aliyekataa Kuapa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua ungesema marehemu hasalimiwi, kwamba salamu hii ni ya kujiliwaza mwenyewe na haifiki kokote. Sawa. Nakusalimu hivyo hivyo, kwa sababu ulinilea nisimpite mtu mzima kimya, na kufa hakujakufanya mtoto.

Nakuandikia kutoka chumba cha habari, mjini Moshi. Wiki iliyopita mwenzangu mmoja, anayesali kule Pasua katika moja ya makanisa mapya ya vipaza sauti, alisema mtu asiyemwamini Mungu ni gari lisilo na breki. "Sasa dada Felista, litasimama vipi? Tena huku kwetu kwenye miteremko!" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana alilisema vizuri. Akaniuliza naonaje. Nikamwambia nimemjua mtu mmoja wa namna hiyo kwa karibu sana, na kwamba nitaandika nilichokiona. Ndicho hiki.

Hukuwahi kutangaza kwamba huamini. Kilema nzima, kijiji chetu cha mlimani, ilijua kwa sababu uliacha kwenda kanisani, na ulipoulizwa hukutafuta kisingizio cha goti wala mgongo. Padri alikuja nyumbani mwenyewe. Mama alimwekea kiti kizuri, kisha akasimama mlangoni na kanga yake mdomoni. Wewe ulimwambia, "Padri, nimetafuta ndani yangu, sikukuta kitu. Nikija nikapiga magoti, nitakuwa nawadanganya wewe na hao watu wote." Padri akanywa maziwa yake, akaondoka. Mama alilia jikoni. Jumapili iliyofuata ulimfutia viatu vyake tope, ukamsindikiza mpaka kwenye geti la kanisa kwa sababu njia ilikuwa na utelezi, ukarudi. Ulifanya hivyo kila Jumapili ya mvua mpaka miguu yako ilipokataa.

Paa la kanisa lilipoanza kuvuja ulibeba mchanga na wenzako. Mtu mmoja akakutania, "Baba Felista, unamjengea nani na wewe humwamini mwenye nyumba?" Ukamjibu, "Mvua haimnyeshei mwenye nyumba. Inamnyeshea mke wangu."

Lakini si viatu wala mchanga vilivyonifanya nikuandikie. Ni maji.

Kwa wasomaji ambao si wa huku: mashamba yetu ya mlimani hunywa maji ya mfongo, mfereji uliochimbwa na babu zetu kutoka mtoni. Kila nyumba ina zamu yake. Zamu ikifika, mgawa maji huondoa magogo ya migomba na udongo uliozibia mlango wa nyumba hiyo, maji yakaingia kihambani, yaani shamba linalozunguka nyumba, kwenye kahawa na ndizi. Yeye huzunguka huko juu peke yake. Akitaka kumpunja mtu, hakuna anayemwona ila mbega mtini.

Mgawa maji wa zamani alipozeeka, tulikutana pale mfongo unapotoka mtoni kumchagua mwingine. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Wanunuzi wapya walikuja na magari yao, leo wapo, kesho hawapo, na watu walikuwa wameanza kupanda nyanya na karoti za kupeleka soko la Kiboriloni. Nyanya zinataka maji kuliko kahawa. Kila mtu aliyekuja siku ile alijua kwamba atakayeshika mlango wa maji atakuwa ameshika shingo za watu.

Baba mdogo Gaspari, ndugu yako wa tumbo moja, ndiye aliyelitaja jina lako. Katekista Aloisi akasimama. Nataka niseme wazi kwamba Aloisi hakuwa adui yako. Alikuwa mtu mnyoofu, na aliogopa kweli.

"Baba Felista ni jirani mwema," alisema. "Lakini tuulizane. Sisi tukiwa peke yetu tunajua Mungu anatuona. Yeye akiwa peke yake pale juu, nani anamwona?"

Ulikuwa umekaa juu ya jiwe, fimbo katikati ya magoti. Hukusimama.

"Mimi," ulisema. "Mimi nitakuwepo."

Wengine waliguna. Mama Veronika, mjane ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa chini ya mfongo, akapiga kofi. "Jamani, wanaomwogopa Mungu wameniibia maji tangu nimeolewa hapa. Hebu tumjaribu huyu asiyemwogopa, tuone kama ataiba zaidi!" Watu walicheka mpaka Aloisi mwenyewe akacheka. Ukapewa kazi.

Jambo la kwanza ulilofanya ni kuiondoa zamu yako katikati na kuiweka mwisho, baada ya Mama Veronika. Mama alikusema msimu mzima. "Ndizi za wenzako zinanenepa, zako zimekuwa vidole! Mgawa maji gani anayelala na kiu?" Ulikula vidole vyako bila kujibu. Ndugu zangu walisema unajionyesha. Mimi sikuwa na hakika, nikakuuliza. Ulisema mtu akikaa karibu na chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, lazima ajue mkono wake ulivyo, na kwamba wewe uliujua wako. Nilikumbuka basi kwamba kwenye mbege pia ulikuwa mtu wa kata moja. Unakunywa, unashukuru, unaipindua. Wapo waliokunywa wakiwa na rozari shingoni hadi wakalala mferejini, na wapo waliotoka na rozari hizo hizo wakiwa wazima kama wewe. Sisemi zaidi ya nilichoona.

Kisha ukaja ule ukame. Mto ulibaki na sauti tu. Zamu ya Mama Veronika ilifika na mlango wake ukafunguliwa, yakaingia tope na majani. Zamu iliyofuata, vivyo hivyo. Alisimama njiani akipaza sauti kwamba hata mwizi huwaachia wajane kidogo. Hakutaja jina. Hakuhitaji.

Nilipanda kutoka mjini nikakuta neno limeshaenea kwenye jumuiya: tuliwaambia. Mama alikuwa ameacha kwenda kusali nyumba za wenzake kwa sababu wanawake walinyamaza akiingia. Wazee walikuwa wametoa sharti. Uje mbele ya kanisa, ushike Biblia, uape kwamba hukuchukua maji. Ukiapa, yaishe. Usipoapa, uachie mlango wa mfongo, na kila mtu ajue kwa nini.

Nilikuuliza kama ninavyowauliza wakuu wa wilaya, nikikutazama usoni. "Baba, ulichukua maji?"

"Sikuchukua."

"Basi si uape?"

"Nikiapa kwa kitu nisichokiamini, ndipo nitakuwa nimewadanganya kwa mara ya kwanza." Ukachukua fimbo. "Umeuliza vizuri. Twende."

Tulipanda na mfongo asubuhi ile, wewe mbele, ukikanyaga ukingo polepole na kusikiliza. Sikujua kwamba maji husikilizwa. Kwenye kona yenye mihuru, miti ile mikubwa ya kivuli, ulisimama, ukainua majani makavu ya mgomba kwa ncha ya fimbo. Palikuwa na tundu, limepangwa mawe vizuri kama kazi ya fundi. Chini yake, bondeni, nyanya zilikuwa nyekundu, zimejaa maji, za kupendeza. Shamba la Baba mdogo Gaspari.

Mimi nilitaka twende kanisani saa ile ile. Wewe ulikwenda kwa Gaspari. Alikuwa anapanga nyanya kwenye matenga. Alipotuona, hakubishana. Alisema neno ambalo sijalisahau.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuweka pale. Nilidhani wewe huna wa kumwogopa. Nilidhani utafumba jicho."

Ndiyo, Baba. Katekista alikukataa na ndugu yako alikupendekeza, na wote wawili waliamini jambo moja: kwamba mtu asiye na Mungu hana kinachomzuia. Mmoja alilihofia, mwingine alilitegemea.

Ulimwambia, "Ziba lile tundu. Kisha waambie mwenyewe."

"Na nisipowaambia?"

"Utakuwa hujawaambia."

Tukarudi nyumbani. Nilikuwa na hasira, Baba. Nilikuambia mimi nina kalamu na nina gazeti. Ulisema, "Akisema mwenyewe atabaki mtu. Nikimsema mimi atabaki mwizi." Siku zilizofuata ulikwenda mlangoni kama kawaida, maji yakarudi, na watu wakasema ameogopa, ameacha kuiba. Uliwasikia. Mtoto mmoja alikuimbia njiani, wakubwa zake wakajifanya hawasikii. Neno moja tu lingetosha kuwanyamazisha wote na kumrudisha Mama kwenye jumuiya yake. Hukulisema. Kama hiyo si breki, sijui breki ni nini.

Gaspari alikuja siku ya mkutano wa kukuondoa. Alipita katikati ya watu akiwa ameshika jani la isale, lile refu la kijani tunalolipanda mipakani na juu ya makaburi. Kila mtoto wa Kichagga analijua. Anayekukosea akikuletea isale, huna ruhusa ya kukataa. Wazee waliotangulia wanatazama, na atakayekataa atapata la kumpata. Alipiga magoti mbele yako, akasema yote: tundu, nyanya, kilichomfanya akutaje. Mama Veronika alishika kichwa.

Watu wakakutazama wewe. Walianza kuelewa shida iliyokuwepo. Gaspari alikuwa amemletea isale mtu ambaye isale halimfungi. Humwogopi Mungu, na mizimu je? Hukuwaamini hao pia. Ungeweza kumpiga teke na jani lake, na hapakuwa na kitu juu ya mbingu wala chini ya ardhi ambacho ungekihofia.

Ulilipokea jani kwa mikono miwili.

"Gaspari, hili kwangu ni jani tu. Halinilazimishi. Kwa hiyo nikisema nimekusamehe, ujue hakuna aliyenishika mkono. Ni mimi." Ulimwinua. "Nimekusamehe. Lakini mimi nimesamehe langu. Maji hukuchukua kwangu, ulichukua kwa Mama Veronika. Zamu zako za msimu huu ni zake."

"Zote, kaka?"

"Zote."

"Na nyanya zangu?"

"Muulize Mama Veronika, labda atakuuzia mchicha."

Sijawahi kusikia watu wa Kilema wakicheka vile kwenye mkutano wa maji. Gaspari mwenyewe alicheka huku analia. Katekista Aloisi alikusogelea mwishoni, kofia mkononi. "Baba Felista, mimi bado nitakuombea." Ukamjibu, "Omba. Ila kesho zamu yako ni asubuhi, usichelewe." Alikuja mapema.

Ulipougua, alikuja kila wiki. Nilidhani anakuwinda kwa ajili ya kitubio, nikakaa karibu kama askari. Mlizungumza juu ya ukingo uliobomoka na nani atauziba. Ulifariki bila padri, kama ulivyotaka, na tulikuzika kihambani bila misa. Nilitegemea watu wachache. Walikuja wote wa mfongo, na majembe. Aloisi alichimba zamu yake, akapumua, kisha akasema bila kuombwa: "Niliuliza nani anamwona. Nikaona nikamtazame mwenyewe. Miaka yote hii nilikuwa napita kule juu kwa kujificha nyuma ya miti. Sikumkuta hata mara moja na maji ya mtu, na kwenye ukame ule niliona aibu kulisema." Akarudisha jembe udongoni. Gaspari alipanda isale kichwani mwa kaburi. Hakuna aliyemzuia. Ni jani tu, ungesema, na linashika udongo vizuri.

Baba, mimi bado nasali. Ulilijua na hukuniuliza kamwe kwa nini. Sisemi kwamba watu wote wasioamini wako kama wewe. Nimewaandika wengi wa kila dini, na wasio na dini, wakiwa wamesimama kizimbani. Nasema nilimwona mmoja. Yule kijana wa breki nimemwalika Kilema, aje aone mfongo.

Na kuna habari, ndiyo maana sikungoja zaidi kukuandikia. Jumamosi wamechagua mgawa maji mpya. Ni Mama Veronika, mwanamke wa kwanza kushika mlango ule. Mzee mmoja akasema basi aletewe Biblia aape. Katekista Aloisi, ambaye sasa anatembelea mkongojo, akanyanyua mkono.

"Kwenye mfongo huu hatuapishi," alisema. "Tunauliza kama atakuwepo."

Mama Veronika alijifunga kanga kiunoni. "Mimi nitakuwepo," alisema, akaenda kufungua maji.

Nilikuwa nimesimama pale, Baba, nikiwa na kalamu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuandika kitu. Nilikuwa nakutazama wewe.

Pumzika, hata kama ulisema hakuna anayepumzika.

Binti yako, uliyemfundisha kuuliza.