Papa Phinées na Watoto wa Mchana

Papa, mwaka umezunguka wote. Maharage yamepandwa, yamevunwa, yamepandwa tena, na wewe hauko. Ulituacha mwezi kama huu huko Beni, nyumbani kwa Ananie, ulikokwenda kutibiwa ugonjwa wa tension, presha ya damu, wewe uliyetuambia unakwenda kusalimia wajukuu tu. Tulikurudisha Butembo ukiwa umelala, na barabara ile uliyozoea kuilalamikia shimo kwa shimo ukaipita kimya. Hapo ndipo tulipoamini kwamba umekufa kweli.

Mimi Jemima ndiye ninayeandika kwa jina la wote. Kaka yangu Ananie alisema ataandika yeye, halafu akatuma salamu. Gamaliel alianza, akafika kwenye "Mpendwa Papa", akalilia karatasi. Mama anasema niandike ukweli nisikufanye malaika, maana yeye ndiye aliyefua soksi zako. Haya basi.

Ulizaliwa Lubero, kwenye baridi na viazi, na hukuwahi kutoka huko hata baada ya kuhama. Pulova yako ya kijani uliivaa Butembo, ukaivaa Beni kwenye jua kali, ukaivaa hata Mavivi siku ile tulipompeleka mgeni kwenye ndege, watu wote wakijipepea na wewe umefunga vifungo mpaka shingoni. Viazi vya mahali pengine uliviita maji. Kwenye kwaya uliimba besi, na sikumbuki Jumapili uliyoanza wimbo pamoja na wenzako. Chaki uliivunjavunja kabla ya kuwagawia walimu ili itoshe, na siku zote kipande kimoja kilisahauliwa mfukoni, kikafuliwa pamoja na shati. Mama alisema ana mume mweupe kuliko nguo zake.

Asubuhi ulisimama mlangoni mwa Shule ya Neema, wewe direkta, mwalimu mkuu wake, ukampa mkono kila mtoto, pamoja na wale wa kamasi, hao hasa. Watoto waliopigana hukuwachapa. Uliwatuma kisimani wawili pamoja kwa ndoo moja, na ole wao maji yakimwagika. Walikwenda wamenuniana na kurudi wakigombana juu ya ndoo, na ugomvi wa kwanza ulikuwa umesahauliwa.

Shule ile uliijenga na wazazi kwa matofali mliyochoma wenyewe. Ilipokuwa inafunguliwa, wazee wa kanisa letu la Kiprotestanti walikuuliza itajulikanaje kwamba hii ni shule ya Kikristo. Mmoja alitaka mstari wa Biblia kwenye kila ukuta. Mwingine alitaka waingie watoto wa waumini wetu tu. Uliwasikiliza wote, hukumkata mtu maneno, ndipo ukasema: "Mutoto akijua mistari yote kwa kichwa, lakini mwenzake anasimama na ye hasogee ku benchi, basi hatukumufundisha kitu."

Basi "sogea" likawa neno la shule. Mtoto mgeni akiingia, darasa zima lilisogea kabla mwalimu hajafungua mdomo. Nyumbani nako ilikuwa vilevile. Kila jamaa aliyekimbia vita kutoka vijijini alipitia kwetu, na wewe ulikuja chumbani kwetu wasichana na taa, ukatuambia tusogee. Mama alikujibu siku moja kwamba watoto wamekwisha kusogea mpaka ukutani, sasa umwombe ukuta nao usogee. Ulicheka, mgeni akalala.

Vita ilikuja, ikakaa. Siku risasi zilipolia upande wa soko uliwalaza watoto wote chini, ukalala nao kwenye saruji na pulova yako, ukawafundisha jedwali la saba kwa kunong'ona mpaka milio ikanyamaza. Kuna watu wazima katika mtaa wetu, wakisikia mlio wowote, hata wa tairi la pikipiki, utawaona wanasema midomoni: saba mara mbili, kumi na nne.

Kisha, mwaka wa 2000, askari waliingia katika shule ya Wakatoliki iliyo kwenye kilima kinachotazamana na chetu, wakaifanya kambi. Benchi za watoto wakazifanya kuni za kupikia maharage. Mama Godelive Vagheni, direktrisi wao, aliwahamishia watoto kwenye kiwanja cha wachoma matofali, akawa anaandika kwa makala, yaani mkaa, juu ya ubao wa kuanikia matofali. Lakini mvua ya Butembo haipigi hodi. Wewe ulipita pale siku moja ukitoka soko, mvua inanyesha, ukawaona wale watoto wameinama, wamefunika madaftari kwa migongo yao. Ulirudi nyumbani ukakaa mbele ya bugali na mboga ya sombe, hukugusa. Mama akadhani malaria imekushika. Kesho yake asubuhi ulivuka bonde, ukamwambia Mama Godelive kwamba watoto wetu wanatoka saa sita, na kwamba kuanzia saa saba vyumba ni vyake.

Hapo maneno yakaanza.

Niseme haki: Shemasi Salomon si mtu mbaya. Mlikua pamoja Lubero, mliimba besi pamoja, yeye akianza na wewe ukifuata. Lakini aliposikia Salamu Maria inatoka madirishani mwa shule yetu, hasira zilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na woga wa kweli. Wazee wetu walilipata kanisa hili kwa taabu. Watoto wakiuliza kwa nini wenzao wanaomba hivi na sisi hivi, nani atawajibu? Hakutaka imani ichanganywe kama bunga ya mihogo na ya mahindi. Ulimjibu kwamba bunga hiyo ya kuchanganya anaila kila siku, na mbona ananenepa.

Mkapatana kwa shida. Sala wasali, lakini sanamu ya Bikira Maria, ambayo Mama Godelive aliiokoa mikononi mwa askari, isilale shuleni. Ukasema, basi italala kwangu. Ndivyo Bikira Maria alivyokuja kukaa katika nyumba ya Waprotestanti, juu ya kabati la vyombo. Mama yetu Kanyere, kiongozi wa wamama wa kanisa, siku za kwanza alipita pale akitazama pembeni. Kisha tukakuta amemfunika kitenge mabegani. Tulipomcheka alisema huyu naye ni mama wa mtu, na hapa Butembo kuna baridi.

Lakini maneno hayakuisha. Jumapili moja baada ya ibada komite ya kanisa ilikuita, ikakuwekea mambo mawili mbele: uwatoe watoto wa mchana, ama uache kazi ya direkta. Papa, shule ile ilikuwa maisha yako. Tofali gani hukulishika? Sisi nyumbani tulikusihi uinamishe kichwa kidogo, upepo upite. Ulikwenda shambani, ukapalilia maharage mpaka mikono ikatoka malengelenge, na uliporudi ulikaa jikoni karibu na Mama.

"Kanyere," ulisema, "nikibafukuza hao, asubuhi nitasalimia batoto betu na mukono gani?"

Mama aliinuka, akaleta maji ya vuguvugu, akakuosha ile mikono.

Ukakataa, wakakuondoa. Walimpa kiti Manassé, mwanafunzi wako wa zamani, ambaye alipokea funguo huku analia, na wewe ndiye uliyembembeleza. Mchana wa watoto wa Mama Godelive ukaisha. Alipokuja kuichukua sanamu yake ulikataa kumwacha aibebe peke yake, maana ni ya plasta na ni nzito. Basi ukapita nayo mjini, wewe, mtoto wa mchungaji. Njia nzima Wakatoliki walisimama wakafanya ishara ya msalaba mbele yako, na kwa kukosa la kufanya ulikuwa unawajibu, "Amina, asanteni." Mama Godelive anasema alitoka kwetu akiwa na machozi, na walipofika kona ya soko alikuwa anacheka, hawezi kutembea.

Mchana, sasa, shule yetu ikabaki tupu. Askari walikuwa wanatafuta mahali pa kuwalaza wenzao waliotoka upande wa Beni. Zamani kila walipopita pale walikuta watoto wanaimba mpaka jioni, wakaendelea na njia yao. Juma lile walipita wakakuta milango imefungwa, hakuna sauti. Wakavunja kufuli, wakaingia. Shemasi Salomon alipokwenda kumsihi komanda wao, yule kijana alimjibu kwa upole tu: "Mzee, sisi tulikuta hakuna mutu."

Mji mzima ulielewa. Kama watoto wa mchana wangekuwepo, shule ingekuwa yetu. Mama alikuwa na maneno yake kwa ajili ya Salomon, ameyanoa tayari, ukamkataza. Ulimwambia: "Mwenzetu halali usingizi, sasa wewe unataka kwenda kumwamsha nani?"

Na watoto wetu waliokotwa na nani? Na Mama Godelive huyo huyo. Wakati ule mapadri walikuwa wamempatia ukumbi wa paruwasi, parokia yao, mdogo, na watoto wake walikuwa wamebanana humo. Aliwaambia wasogee. Wetu wakakaa. Hakuna aliyewauliza wanasali vipi. Shekinah, mjukuu wa Shemasi Salomon, alijifunza kugawanya akiwa kati ya wasichana wawili wenye rozari shingoni. Na wewe, Papa, ulichukua darasa la kwanza, a na e na i, mwalimu wa kawaida chini ya Manassé, ambaye kila alipotaka kukupa amri alianza kwa kusema, "Direkta, naomba ruhusa." Uliimba njiani ukienda, uliimba ukirudi. Tulikuwa tunakutazama tusielewe mtu aliyenyang'anywa anaimba nini.

Askari waliokuwa shuleni kwetu waliondoka kama walivyokuja, bila kuaga. Wale wa kilima cha Wakatoliki walibaki. Kwetu tulikuta kuta nyeusi kwa moshi, na darasa la sita halina manjanja, mabati, juu, mbingu tupu. Wazazi wa pande zote mbili walifanya salongo, kazi ya pamoja, wakasugua, wakapaka chokaa. Kisha komite ikakuita tena.

Mama alipiga pasi koti lako, kwa sababu sote tulijua unakwenda kurudishiwa kiti. Tulikusindikiza, tukasimama nje dirishani bila aibu. Shemasi Salomon aliinuka. Sauti yake ile kubwa ilikuwa inakatika.

"Phinées, tulikukosea," alisema. "Mbele ya Mungu na mbele ya hawa batu. Kiti chako kiko. Na kama kuna kitu ingine unataka, omba, tutakupa."

Mama alinifinya mkono mpaka ukauma. Wewe ulikuwa unatafuta kitu mfukoni, ukatoa kipande cha chaki, ukakitazama, ukakirudisha.

"Kiti kibakie kwa Manassé, anakiweza," ulisema. "Mimi naomba saa za mchana."

Shemasi Salomon akachukua kofia yake, akatoka, akateremka bonde kwa miguu yake mwenyewe kwenda kumwita Mama Godelive. Mama alikuwa na kisirani juma zima kwa ajili ya lile koti. Jioni moja nikamsikia anawaambia wamama wa kanisa kwamba mume wake aliulizwa anataka nini duniani, na alijua.

Ulifundisha darasa la kwanza mpaka ulipougua. Tunakukosa, Papa. Tunakukosa mezani, tunakukosa kwenye besi, tunakukosa hata kwa kulalamika kwako juu ya viazi. Inauma leo kama ilivyouma siku ile Beni, na hatuoni haya kusema. Siku hizi tunasikia vita imeisha. Wakatoliki wamerudishiwa kilima chao, ila hakuna paa, na kuta ni chache. Mwezi uliopita mtu mmoja katika komite aliuliza wale watoto wa mchana watakaa mpaka lini. Shemasi Salomon alimjibu kabla hajamaliza: hilo aliliomba Phinées, na sisi tulisema tutampa.

Ibada ya kumbukumbu itafanyika shuleni Neema, Jumamosi hii, mchana. Mchungaji ataomba kwa namna yetu, na Mama Godelive ataomba kwa namna yake. Anayetaka kuja aje, nafasi tutapata.

Wanaokukumbuka ni mke wako Mama Kanyere. Watoto wako Ananie na mkewe Léa huko Beni, mimi Jemima, Gamaliel na Ornella. Wajukuu wako, na Précieux aliyezaliwa baada yako, ambaye tayari hataki kuvuliwa pulova. Dada yako wa Lubero anayetuletea viazi, vile vya kweli. Direkta Manassé, walimu wote, Mama Godelive na Shemasi Salomon.

Asubuhi tutakukumbuka, Papa. Na kila saa saba, vyumba vyako vikijaa, tutakukumbuka tena.

Butembo, 2003