Majani ya Kupiga Picha

Mabawe, 4 Machi 2024

Mwanangu Frednand,
Hujambo huko Biharamulo? Sisi tu wazima, ila mgomba mmoja nyuma ya jiko unanyauka, na ndizi zake zinaiva kabla hazijakomaa. Nimefungua kwenye simu ile programu yako ya kutambua magonjwa. Kisanduku cha kijani nakiona, lakini ndani yake giza tupu. Jirani yetu Niyibizi anasema niufyeke leo leo. Nifanyeje? Shamba hili ndilo linalotulisha.
Mama yako

Biharamulo, 9 Machi

Mama, shikamoo. Poleni sana.
Kosa ni langu. Kisanduku kinakaa juu ya kamera, na badala ya kukiacha wazi nilikipaka rangi, kikaziba picha yote. Nimekutumia programu mpya. Usifyeke kwanza, huenda ni wadudu tu. Chini ya migomba mwanga ni hafifu, kwa hiyo kata jani la kila mgomba ulipige picha uani, tulinganishe.
Mwanao

Mabawe, 2 Aprili

Marahaba, baba. Nilikata majani mgomba hadi mgomba kama ulivyosema. Sasa jani naliona vizuri, lakini nikishapiga, majibu hayaji, nabaki kulikodolea macho. Na migomba mingine mitatu imelegea! Niyibizi alifyeka mgomba wake mmoja, iliyobaki imesimama. Naogopa, Frednand. Harakisha, nakusihi.
Mama yako

Biharamulo, 4 Aprili

Shikamoo Mama. Nisamehe.
Ukurasa wa majibu ulikuwa unafunguliwa kabla ule wa kamera haujafungwa, ndiyo maana simu inaukataa. Nimeupanga usubiri. Safari hii utafunguka, naapa. Kata majani mapya, ujaribu tena.
Mwanao

Mabawe, 19 Mei

Mwanangu, hujambo?
Jumbe zako zote nilizipata. Programu inafanya kazi. Inasema ni mnyauko, fyeka, na kila mgomba niliopiga ikasema hivyo hivyo.
Bwana shamba alikuja, akauliza majani nilikata na nini. Nikamwonyesha panga. Akasema ugonjwa huu husafiri na panga, kwamba ukitoka mgomba mmoja ulichome motoni kabla ya kugusa mwingine. Tumefyeka shamba lote. Tunakula mihogo ya kwa Niyibizi.
Kazi yako usiiache. Hilo la panga liandike mwanzoni kabisa, mtu alisome kabla kamera haijafunguka.
Bwana shamba aliuliza pia ni nani aliyenituma kukata majani. Nikamwambia ni akili yangu mwenyewe.
Mama yako