Kimya Ambacho Sikukijaza

Kulwa, mtani wangu,

Jana mkeo alikubali kuitazama ile video yetu ya mwisho. Nitakueleza taratibu, maana nikiharakisha nitaharibu.

Unakumbuka tulivyotengeneza vichekesho vyetu tulipofungiwa ndani kwa ajili ya korona: wewe mtaa wa Troyeville, mimi wa Bertrams, huku ugenini kusini, kila mzee na simu yake imeegemezwa kwenye sufuria. Unasema neno lako, kisha unanyamaza na kukodoa macho kana kwamba nakujibu. Nami huku najirekodi nikikijaza kimya chako. Binti yako Furaha anaunganisha, na watu mtandaoni wanaona wazee wawili wakigombea nanasi la kutengenezea pombe, kwa kuwa serikali imepiga marufuku kuiuza.

Sehemu ya mwisho uliituma asubuhi. Jioni gari la wagonjwa likakuchukua. Hukurudi.

Makaburini waliruhusiwa wachache, mimi sikuwamo. Hapo ndipo roho iliponiuma, Kulwa. Mngoni hamziki mtani wake Mnyamwezi kwa machozi matupu. Kazi yangu ilikuwa kuingia kaburini kabla yako, nikatae kutoka, niige mwendo wako, nikutukane mpaka wafiwa wacheke. Sikuifanya. Basi nikaona ile sehemu ya mwisho ndiyo iwe utani wa msiba wako. Nikajirekodi, Furaha akaunganisha.

Mama Furaha akakataa. Kwao Bukavu hakujua utani wa namna hii. "Mutu amekufa, miye nimucheke?" Nilimfafanulia kwa mifano, kama darasani. Mwishowe akasema atatazama mara moja tu, na akisimama kabla haijaisha, Furaha afute yote. Hata sauti yako.

Tukakaa sebuleni kwako. Mimi sikutazama runinga, nilitazama mikono yake.

Ukatokea na ile kofia yako mbaya. "Mngoni! Babu zako walitoka nchi hii mbio, ngao mgongoni. Leo wewe umerudi kuomba kibali! Huoni haya?"

Nikajibu, "Nimerudi kudai shamba letu. Wewe Mnyamwezi, beba mizigo yangu tuondoke!"

Furaha akacheka, akajiziba mdomo. Mama yake hakucheka. Vidole vyake vikaubana ukingo wa kiti.

Tukafika pale unapouliza, "Na nani kamwambia mke wangu kuhusu nanasi?"

Kimya. Hicho sikukijaza. Furaha alikuwa ameniambia, "Eish, Mwalimu, hapa pako tupu," na nilijaribu, lakini kila mara niliishia kufuta. Baada ya hapo ulikuwa hujarekodi kingine. Ukabaki unakodoa macho, unangoja.

Mama Furaha akasimama.

Furaha akashika kompyuta, tayari kufuta. 

"Ni miye!" akakwambia, kidole usoni pako. "Ndoo uliificha chini ya kitanda yetu, Baba Furaha! Ulizani serikali ilifunga na pua yangu?"

Akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akaketi, akamwambia Furaha arudishe nyuma aanze tena.

Leo Furaha anamrekodi ili jibu lake liingie palepale.

Basi lala, mbeba mizigo. Siku ya kusimamisha jiwe lako nitakuja, nitajinyoosha juu ya kaburi lako, na sitainuka mpaka mkeo anifukuze kwa ufagio. Ufagio ameshaniahidi.

Mngoni wako.